DT ya mjomba na Boxer ya kijiweni: Mlima wa Lushoto ndio hakimu

KWENYE kijiwe chochote cha bodaboda, kuanzia Manzese mpaka Mbagala, upo ubishi ambao haujawahi kupata mshindi. Pikipiki za zamani na hizi za sasa, zipi zina nguvu? Akipita mzee mmoja na Yamaha yake ya enzi za Mwinyi, inalia kama msumeno na kuacha moshi wa buluu nyuma, basi kazi zinasimama. Mmoja atasema, "Kile ndicho chuma, hivi vyenu makopo." Mwingine atamjibu kwamba chuma hicho kinakunywa mafuta kama ngamia. Hapo tena, msomaji wangu, kahawa inapoa na abiria anaondoka kwa miguu.

Kwa maoni yangu ubishi huu hauwezi kwisha Dar es Salaam kwa sababu moja tu: Dar ni tambarare. Kwenye tambarare kila pikipiki ni dume. Ukitaka kujua injini ina nini tumboni, itafutie mlima, tena mlima wa kweli, uipe na mzigo. Mimi mlima wangu ni ule wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, na safari hii sikwenda kutembea tu. Nilikwenda kwa sababu ya shilingi milioni tatu kasoro ambazo nilikuwa nimezidunduliza, na familia ilitaka kujua zinakwenda wapi.

Habari yenyewe iko hivi. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba huko milimani, sasa amestaafu. Ana Yamaha DT 125 ambayo aliinunua kwenye mnada wa mradi mmoja wa kilimo ulipofunga virago. Mwanawe, Athumani, anataka kufanya kazi ya kubeba abiria na mboga. Mjomba akasema, "Pikipiki si hii hapa? Aanze kazi kesho." Athumani akasema hapana, yeye anataka Boxer mpya. Mama yangu, kwa vile ni dada mtu na hataki ugomvi, akanipigia simu: "Nenda wewe kapande zote mbili, ukaone kwa macho yako. Hela ni yako."

Basi nikapanda basi la asubuhi mpaka Mombo.

Kwa ambao hawajafika, Mombo ni kituo kilicho kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, chini kabisa ya milima ya Usambara. Joto lake si mchezo, mashati yanashika mgongo hata ukiwa umekaa. Ukiinua macho unaona ukuta wa mlima umesimama mbele yako, na ndani ya ukuta huo ndimo ilimochongwa barabara ya kwenda Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, lakini kilomita za huko si za Morogoro Road. Unatoka meta mia nne na ushee juu ya usawa wa bahari na kufika karibu meta 1,400. Kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Wajerumani ndio walioupenda mji huo kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal, na njia ya kupanda huko ina historia ya tangu zama zao. Karibu nusu ya njia kuna Soni, pale kwenye maporomoko ya maji, ambapo kila gari linapunguza mwendo na kila mama ana beseni la matunda.

Athumani alinipokea na Boxer BM 150 aliyoiazima kwa mshikaji wake. Nyuma yake akaja mjomba mwenyewe juu ya DT, kofia ngumu kichwani, koti la mvua kwenye joto lile. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Leo utapanda pikipiki, si baiskeli." Athumani akageukia pembeni.

Kabla sijapanda nieleze kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Injini ya DT ni ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanayoiita tu-stroki. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja, moto umeshawaka. Boxer ni ya mipigo minne. Pistoni lazima ipande na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Kwa hiyo ndani ya muda uleule DT inapigwa moto mara mbili zaidi. Ndiyo maana injini yake yenye ujazo wa sisi 123 tu inaweza kutoa nguvu za farasi kumi na kitu, sawa na Boxer yenye sisi 144.8, ambayo kiwanda chake kinasema inatoa nguvu 12 ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Tena DT ni nyepesi. Kwenye karatasi, mzee ana kila sababu ya kutamba.

Raundi ya kwanza tulipanda bila mzigo. Mimi DT, Athumani Boxer.

Jamani! Siyo siri, ile pikipiki inalevya. Unapiga kiki, inakohoa, inatoa wingu, inashika. Mwanzoni haina habari na wewe. Ukiiongeza mafuta kidogo inavutavuta kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa zake, unaweza hata kuidharau. Halafu mlio unapanda, unapanda, na ghafla, kama kuna mtu amekusukuma kiunoni, inaamka. Mikono inanyooka, tairi la mbele linakuwa jepesi, na kona iliyokuwa mbali iko puani. Ukibadilisha gia mapema inalala tena. Ukichelewa inapiga kelele tu bila kwenda. Kuna kidirisha kidogo katikati ambamo utamu wote umehifadhiwa, na dereva wa DT kazi yake ni kuhakikisha hatoki ndani ya kidirisha hicho.

Siri yake iko kwenye eksozi. Ukiitazama utaona ina tumbo, haiendi nyembamba moja kwa moja. Moshi ukitoka kwa kishindo unapiga mwisho wa lile tumbo, na kile kishindo kinarudi nyuma na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko mpya wa mafuta na hewa uliokuwa unataka kutoroka. Lakini hilo linafanyika vizuri kwenye mzunguko fulani tu. Chini ya hapo kishindo kinafika wakati usio wake, na injini inabaki kuwa sisi 123 za kawaida, maskini ya Mungu.

Tulifika Soni mimi nikiwa mbele. Kwa kelele zile, upepo ule na moyo ulivyokuwa unadunda, ungetegemea nimemwacha Athumani dakika kumi. Tulipoangalia saa za simu, hazikufika mbili. Yeye alikuwa anakuja polepole, tu-tu-tu-tu, kama anakwenda sokoni, na kumbe mwendo ni uleule. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba wale wa kijiweni hawabishani kuhusu nguvu. Wanabishana kuhusu mbwembwe za nguvu. Spidi arobaini ya DT unaihisi kama sabini. Spidi hamsini ya Boxer unaihisi kama hamsini, basi.

Tukashuka tena Mombo. Raundi ya pili ndiyo iliyokuwa ya kazi: mfuko wa sukari wa kilo 50 umefungwa nyuma, mara moja kwa DT, mara moja kwa Boxer, dereva ni Athumani mwenyewe, mimi nikifuata.

Nianze na Boxer, kwa sababu haina hadithi ndefu. Iliondoka kama haina kitu mgongoni. Kwenye kona kali Athumani alikuwa anashusha gia moja, anaongeza mafuta kidogo, inakwenda. Kiwanda kinasema nguvu yake ya kukamua inafika kileleni kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, yaani mapema kabisa, kabla injini haijaanza kupiga makelele. Kwa mtu wa mzigo hilo ndilo jambo lenyewe. Kwenye mteremko wa Kinondoni unaweza kusubiri injini iamke. Kwenye kona ya Usambara, na kilo 50 zinakuvuta nyuma na lori la kabichi linashuka mbele yako, unataka nguvu iwe imeshafika kabla hujaiita.

Ikaja zamu ya DT. Nilimwonea huruma. Na mzigo ule, kila alipopunguza mwendo kwa ajili ya kona, injini ilitoka nje ya kile kidirisha chake. Ikawa lazima arudi gia ya kwanza, ashikilie klachi nusu, aipandishe mlio mpaka iamke, halafu aombe isilale tena kabla ya kona nyingine. Milima nayo haisameheani na kona. Unamaliza moja unakuta nyingine inakusubiri. Harufu ya klachi ikaanza. Silinda haipozwi na maji, inategemea upepo, na kwa mwendo ule wa kobe upepo hakuna. Kabla ya Soni injini ilikuwa imeshachoka, ile hali ya kuongeza mafuta na kupata sauti tu. Tukaegesha kwenye maporomoko, tukanunua chai. Mama muuza chai akatuuliza, "Mjomba wenu hajambo?" Nikaelewa kwa nini bwana shamba yule anajulikana na kila mwenye birika pale Soni. Miaka yote hiyo alikuwa anapoza injini.

Tulipoendelea juu, baridi ikaingia na zote mbili zikawa nzito kidogo. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Zote zinatumia kabureta, na kadiri unavyopanda hewa inapungua, wakati kabureta haina habari, inamwaga mafuta kama iko Mombo. Kila meta elfu moja injini ya namna hiyo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Pikipiki za kisasa kabisa, zile zenye kompyuta ya kupimia mafuta, zinajirekebisha zenyewe. Lakini hizo ndugu yangu kwenye vijiwe vyetu bado ni chache.

Na hapa nichomekee jambo moja ambalo vijana hawapendi kulisikia. Hili neno "mpya" tulitumie kwa adabu. Boxer ilizaliwa India miaka ya 1990, wakati Bajaj wakishirikiana na Kawasaki wa Japani. Na zile pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani, ukifungua injini unakuta mpango wa Honda CG 125, iliyotoka miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu: vali zake zinasukumwa na fito badala ya cheni, ili isisumbue hata ikitunzwa ovyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na pikipiki yenye nailoni kwenye kiti na injini ya umri wa baba yako. DT haikushindwa kwa sababu ni ya zamani. CG ni ya zamani pia na hadi leo nakala zake zinabeba watu. DT imezidiwa kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwepesi anayekimbia kwenye njia mbaya, na Athumani anataka kubeba kabichi.

Tulipojaza matangi jioni pale Lushoto mjini, ubishi wa mafuta nao uliisha. Kwa njia ileile, DT ilikuwa imekunywa karibu mara mbili ya mwenzake. Tena hapo hujahesabu oili. Tu-stroki inachoma oili pamoja na petroli, huo moshi wa buluu ndio pesa yako inapaa. Ile ya mjomba ina tangi dogo la oili na pampu yake, mtindo ambao Yamaha waliuanza mwaka 1964 ili watu wasihangaike kuchanganya kwa mkono. Moshi huo pia ndio uliozimaliza tu-stroki duniani. Sheria za hewa zilipokaza, Ulaya wakaachana nazo na India wakafuata. Hata Yamaha RX 100, ambayo vijana wa kule waliipenda ile mbaya, ilitengenezwa kuanzia 1985 na kusimamishwa 1996.

Nikamtafuta fundi. Akaniambia kwamba ukimpa kuchagua injini ya kufungua chini ya mti, atachagua DT. Haina vali wala vikorokoro vyake, ni silinda, pistoni na ringi, nusu saa ameshaona ugonjwa. "Lakini ringi zenyewe uagize Dar usubiri basi," akasema. Za Boxer zimetundikwa dukani kwa jirani yake, karibu na sabuni.

Usiku tukakaa nyumbani kwa mjomba. Baridi ya Lushoto ikikukuta na nguo za Dar utajuta, walinipa blanketi kabla ya chakula. Mjomba alikula kimya. Mwishoe akaniuliza bila kunitazama:

"Kwa hiyo ya kwangu ni kopo?"

Nikamwambia, "Hapana mjomba. Ya kwako inakimbia kuliko ile. Ila mzigo unaichosha."

"Hiyo pikipiki ndiyo iliyompeleka mama yake hospitali usiku wa mvua. Huyu hapa alizaliwa alfajiri yake." Akamwonyesha Athumani kwa kidole. "Haikusimama Soni kupumzika usiku ule."

Shangazi, mkewe mjomba, akasema kutoka jikoni kwamba yeye ndiye aliyepanda, na kilichomshika hapo nyuma ni woga, si injini. Tukacheka, lakini mjomba hakucheka sana. Athumani ndiye aliyesema neno la maana, tena kwa heshima: "Baba, mimi na DT hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na kituo cha mafuta."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Safari za kutwa, petroli, oili, siku za kusubiri ringi kutoka Dar. Mzee ni mtu wa mahesabu, alipima mashamba ya watu maisha yake yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili kuhusu cheni na tairi, halafu akasema, "Haya. Nunueni. Lakini yangu haiendi kwa wanunua vyuma chakavu." Hakuna aliyekuwa amesema habari hiyo, ila nadhani alikuwa ameifikiria peke yake.

Asubuhi alitaka kunishusha Mombo mwenyewe, kwa DT, mimi ndiye niendeshe. Na hapo nikajifunza jambo ambalo Boxer haitamfundisha mtu. Kwenye mteremko injini ya mipigo minne inakusaidia. Ukifunga mafuta inaishika pikipiki kama mkono. Tu-stroki haishiki, inateleza tu, kwa hiyo breki ndizo zinazokufa. Halafu lipo kubwa zaidi. Pampu ya oili inasikiliza mkono wako wa mafuta pamoja na mzunguko wa injini. Ukishuka kilomita 33 umefunga mafuta kabisa, injini inazunguka kwa kasi huku oili ikija kwa kudondoka, na pistoni inaweza kung'ang'ania ndani ya silinda mkiwa katikati ya kona.

Mjomba alikuwa ameweka mkono begani kwangu. Kila baada ya muda alinibonyeza kwa kidole. "Shika klachi. Mpe kidogo." Nabana klachi, naongeza mafuta mara moja, vruum, naachia. Kona mbili, kidole tena. "Mpe kidogo." Tulipita Soni bila kusimama. Joto likaanza kupanda kutoka bondeni, harufu ya vumbi, halafu minazi michache na mabati ya Mombo.

Basi langu lilikuwa bado. Mjomba alikagua tangi la oili, akafunga kofia ngumu, akanipa mkono. Akapiga kiki mara moja tu, ikashika. Hakuwa na mzigo wala abiria. Alikata kona ya kwanza polepole kama mstaafu, akapotea nyuma ya mti, na kutoka juu kidogo nikasikia mlio ukipanda, ukipanda, halafu ukaamka.